Mashine Iliyojifunza Udalali

Simu msiiache juani. Nalisema hili kabla ya salamu kwa sababu aliyesahau salamu husamehewa, lakini simu ya mradi ikipata joto la Garissa la saa saba mchana hujizima yenyewe, na ikishajizima haibembelezeki. Mimi yangu niliifunga kwa nailoni, nikaizungushia kitambaa chenye maji, nikaitia ndani ya birika. Wenzangu walinicheka asubuhi nzima. Kufika adhuhuri walikuwa wamenizunguka wakiomba nafasi birikani. Nafasi walipata. Bure hawakupata.

Haya, sasa salamu. Assalamu aleikum, nyinyi vijana mnaosimama mlangoni kwangu hapa mtaani Galbet kuniuliza kazi ya kuisomesha mashine inapatikana vipi. Mmesikia kuna setilaiti zinazopita juu yetu zikipiga picha, na kuna akili unde inayokaa ndani ya kompyuta ikizisoma picha hizo na kusema wapi kuna malisho na wapi hakuna. Mmesikia pia kuna watu wanaotembea porini kuiambia hiyo akili kama imeona sawasawa au imeota. Yote ni kweli. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanaotembea, mpaka nilipostaafu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mkataba wa kazi ulikuwa wa Kiingereza, malalamiko ya kazi yalikuwa ya Kisomali, na Kiswahili ndicho kilichobaki katikati, pale watu wanapopatana.

Kabla ya setilaiti nilikuwa dalali katika soko la mifugo hapa mjini. Nyinyi mliokulia kwenye simu mnajua soko kwa picha tu, kwa hiyo nieleze. Bei ya ngamia kwetu haitangazwi. Dalali na mwenye mali wanashikana mikono, shuka inatupwa juu ya mikono hiyo, na huko chini vidole ndivyo vinavyosema. Kidole hiki ni kiasi hiki, kukibana nusu yake ni kiasi kingine. Wakati vidole vinagombana, midomo inaulizana habari za watoto. Mtu aliyesimama hatua mbili kando hajui kama ngamia ameuzwa au ametukanwa. Na sheria ya kwanza, ambayo hakuna aliyenifundisha kwa sababu hakuna aliyedhani inahitaji kufundishwa, ni kwamba neno la kwanza si bei. Neno la kwanza ni mahali pa kuanzia. Mtu akikutajia mara moja bei anayoitaka kweli, unamtazama vizuri usoni kuona kama ana homa.

Sasa chukueni watu wa namna hiyo, waajirini, wapeni simu, kisha waambieni waisomeshe mashine ukweli.

Mradi ulitukusanya katika ukumbi mmoja mjini kwa mafunzo. Walitutaka madalali kwa sababu tunajua njia zote na tunajua kila boma. Mwalimu alikuwa kijana wa Nairobi aitwaye Kelvin, mpole, mwenye subira, ambaye alikunywa maji mengi kuliko darasa zima. Alituambia setilaiti inaona kijani na inaona kisicho kijani, lakini haioni kilicho chini ya kijani. Hapo ndipo sisi tunapoingia. Unafika mahali, unapiga picha, unataja ngazi ya malisho. Ngazi ya kwanza ni neema, ya tano ni njaa. Mashine inaweka neno lako kando ya picha ya angani, na baada ya maneno mengi inaanza kukisia yenyewe hata pale ambapo hakuna mtu aliyefika.

"Ni kama mtoto wa darasa la kwanza," alisema Kelvin. "Mkimfundisha vibaya, atakariri vibaya kwa sauti nzuri."

Dubow, dalali mwenzangu tangu tukiwa na nywele, akainua mkono. Kiswahili cha Dubow ni cha sokoni, hakijali nani ni ki- na nani ni vi-.

"Mwalimu, hii mashine yako. Sisi nasema nyasi mbaya. Yeye inajibu nini?"

"Haijibu, mzee. Inapokea."

"Inabokea tu?"

"Inapokea tu."

Dubow akanitazama. Nami nikamtazama Dubow. Katika maisha yetu yote hatukuwa tumekutana na mnunuzi anayepokea tu.

Tulipotoka nje, Dubow alikuwa ameshafikia uamuzi, na sasa alisema Kisomali, ambacho anakijua vizuri kupita kiasi. "Huyo anajifanya mjinga," alisema. "Leo anapokea. Mwezi ujao ataanza kupunguza. Tukianza na ukweli, tutaishia wapi?"

Hoja ilikuwa nzito na sikuona pa kuipinga. Basi ngazi ya pili tukawa tunaiandika ya nne. Ya tatu tunaiandika ya tano. Ya kwanza hatukuiandika kamwe, kwa sababu mtu gani wa soko anasema mali ya mwenzake haina kasoro? Msinitazame hivyo. Uongo ni kusema fahali yu mzima ilhali ameoza. Hii ilikuwa ni kuacha nafasi ya kupatana. Na hatukukaa kikao kukubaliana. Kila dalali alifanya peke yake, kimya kimya, akidhani yeye ndiye mjanja pekee wa kaunti nzima.

Mashine nayo ilikuwa na makosa yake, tusiionee huruma sana. Miti ya mathenge, ile iliyotuvamia na miiba yake, mwanzoni iliihesabu kuwa malisho bora kuliko yote, na ilituelekeza kwa heshima mahali ambapo hata mbuzi hupita akiangalia upande mwingine. Kule Wajir ilitangaza silanga mpya imejaa maji, bwawa zuri la mraba. Wanaume wawili wakaenda kwa pikipiki na mitungi. Walikuta harusi chini ya turubai la buluu. Walirudi na mitungi mitupu na matumbo yaliyojaa wali, na walipoulizwa kuhusu silanga walisema hawana lalamiko lolote dhidi ya teknolojia.

Kwa hiyo jifunzeni kupiga picha. Jua liwe mgongoni. Usipige picha ya kichaka kizima ukiwa umesimama kama mgeni rasmi. Inama, ingiza simu chini ya matawi, piga udongo. Kichaka ni cha setilaiti. Wewe umetumwa kwenye kilicho chini yake. Na mtazame mbuzi kabla ya kuitazama simu. Mbuzi akisimama kwa miguu miwili kufikia jani la juu, la chini limekwisha.

Hayo niliyajua vizuri. Ripoti zangu zilikuwa nyingi kuliko za yeyote, na ofisini nilianza kuitwa mtu wa kutegemewa. Ilisemekana nitafanywa msimamizi wa wakaguzi wote, mwenye kiti chake na feni yake. Feni hiyo nilikwenda kuiona. Nilikwenda tena kuhakikisha kwamba inazunguka.

Kisha ukaja ule ukame uliomfikia dada yangu Habiba.

Habiba anaishi Sangailu, upande wa Ijara, na ana ng'ombe. Watu wa ngamia huwacheka watu wa ng'ombe kwa sababu ngamia huvumilia na ng'ombe hulala chini kukuomba radhi. Sangailu ina vichaka vingi, na hiyo ndiyo shida yake. Mvua ikikosa, nyasi zinakufa lakini vichaka vinabaki kijani kwa ukaidi. Ukiwa juu angani unaona bustani. Ukiwa chini unaona bustani, halafu unaona mavumbi, halafu unaona mbavu.

Ramani ya mashine ndiyo iliyokuwa ikiamua malori ya msaada yaende wapi, ya maji na ya marobota ya nyasi kavu. Sehemu ikifika ngazi ya nne inakuwa nyekundu, na nyekundu inapata malori. Nilikwenda Sangailu, nikainama chini ya vichaka, nikapiga udongo, nikaandika tano. Na hii ilikuwa tano ya kweli, tano isiyo na nafasi ya kupatana ndani yake. Nikarudi mjini kuangalia ramani. Sangailu ilikuwa tatu. Rangi ya manjano, kama ndizi iliyoiva vizuri.

Nikaenda tena. Nikaandika tano tena. Ikabaki tatu.

Basi nikaenda ofisini kwa Ifrah. Huyu ni binti wa hapa hapa Galbet, babake nilimuuzia mbuzi wa akika yake, naye akaenda chuo kikuu akasomea mambo haya ya kuitazama dunia kutoka juu, akarudi kuwa ndiye mwenye kuiangalia mashine. Aliniita adeer, kama binti yeyote wa kwetu anavyomwita mtu wa rika la baba yake.

"Adeer, keti. Nimekuwa nikitafuta njia ya kukuambia."

"Kuniambia nini? Mashine imeharibika?"

"Haijaharibika. Imekusoma." Akageuza kompyuta niione, kana kwamba ningeona kitu. "Mashine ina picha za angani, na ina ripoti zako za miaka yote. Imeona kwamba kila ukisema nne, baadaye picha zinaonyesha kama mbili. Ukisema tano, ni kama tatu. Kwa hiyo imeanza kupunguza yenyewe. Hakuna mtu aliyeiambia. Ukiandika tano, inatoa mbili, inaweka tatu."

Nilikumbuka Dubow pale nje ya ukumbi: mwezi ujao ataanza kupunguza. Alikosea muda tu.

"Kwa hiyo inapatana bei," nikasema.

"Inapatana, adeer. Na wewe ndiye uliyeifundisha. Nyinyi wote, lakini wewe una ripoti nyingi zaidi."

"Basi niandikie saba. Ikitoa mbili itabaki tano."

"Hakuna saba."

"Sita, basi."

"Adeer. Ngazi zinaishia tano."

Nawaambieni, nimekwama mara nyingi sokoni, lakini sikuwahi kukwama dukani kwa mtu ambaye ameweka dari juu ya bei yangu na bado anaruhusiwa kushusha.

Ifrah alikuwa na wazo. Mradi ulikuwa umeanza kutumia sauti: mashine inampigia mtu simu, inamuuliza kwa Kisomali, inasikiliza jibu, inaweka ngazi yenyewe. Tukipata mtu wa Sangailu ambaye hajawahi kuripoti, asiye dalali, mashine haitakuwa na sababu ya kumpunguza. Nikasema ninaye: dada yangu Habiba, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumpunguzia bei akabaki salama kusimulia. Nikampa namba yake.

Mashine ikampigia Habiba. Siku iliyofuata Sangailu ikawa ngazi ya kwanza. Kijani kibichi, kijani cha harusi.

Nilimpigia nikiwa nimesimama katikati ya barabara.

"Habiba! Mashine ilikuuliza nini?"

"Iliniuliza hali ya malisho."

"Nawe ukasema?"

"Nikasema ni nabad, ni amani. Alhamdulillah."

"Alhamdulillah? Ng'ombe wanakufa!"

"Walaal, nisikilize," akasema, na mnajua dada akikuita ndugu kwa sauti hiyo yupo karibu kukutukana. "Mtu nisiyemjua ananipigia simu, hata salamu hakumaliza, ananiuliza hali. Ulitaka nimwambie Mungu amenipa vibaya? Nimshtaki Mola wangu kwa mtu wa simu?"

"Si mtu. Ni mashine."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Sasa mashine inajua mambo ya boma langu, itayapeleka wapi?"

Nikakata simu. Dubow alipopata habari alitikisa kichwa. "Sisi tumeuza ghali mpaka mnunuzi ametujua," akasema. "Na dada yako amegawa bure. Hii mashine itatuona watu wa kabila gani?"

Fikirieni wenyewe jambo hili kabla hamjaomba kazi. Hapa kwetu kuna watu wawili. Mmoja akiulizwa hali anaongeza shida, kwa sababu ametoka sokoni. Mwingine akiulizwa hali anaficha shida, kwa sababu ana haya mbele ya Mungu. Walioitengeneza mashine hawakumtarajia hata mmoja. Walitarajia mtu anayejibu swali.

Ifrah akasema twende. Tukapanda gari la mradi mpaka Sangailu, naye njiani akaniuliza mambo mengi kuhusu shangazi huyu mpya aliyempata, maana mimi nikiwa adeer basi Habiba ni eedo yake. Mimi njia nzima nilikuwa nikipanga somo. Nitamkalisha dada yangu, nitamwambia: ikikuuliza, sema tano. Usiseme alhamdulillah, usiseme nabad. Sema tano kisha ukate simu.

Tulifika. Habiba alitupokea kwa vicheko, akatandika mkeka, akaulizia kila mtu wa Galbet kwa jina na wengine ambao wameshafariki. Nikaanza somo langu. Alinisikiliza huku akichochea moto, kama anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akaleta chai.

Ilikuwa strungi. Chai ya rangi, nyeusi, na sukari nyingi ndani yake kuificha.

Somo langu likaishia hapo. Kama hamjawahi kukaa kwenye boma la ng'ombe, hamwezi kujua. Mwenye ng'ombe akimpa mgeni chai bila maziwa, na mgeni mwenyewe ni binti wa mjini anayemwita eedo kwa mara ya kwanza, ni kama amevua kitambaa cha kichwa mbele ya watu. Habiba aliweka vikombe bila kututazama. Mimi nilikichukua changu, nikanywa.

Ifrah alikunywa mpaka nusu. "Iko sawa, eedo," akasema kwa kile Kisomali chake kilichochanganyika na Nairobi. "Na maziwa siku hizi anakunywa nani?"

Alimuuliza hivyo tu, kama anayeuliza mtoto gani amelala.

"Ndama," akasema Habiba. "Yaliyobaki ni ya ndama. Na si wote."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi ulipoandama ule mwingine." Akakaa. Akaelekeza kidevu kwenye kivuli cha ua. "Yule mwekundu pale, asubuhi hasimami mwenyewe. Sisi wanawake tunamwinua. Wawili mkiani, wawili pembeni. Akishasimama anatembea, hana neno. Lakini kumsimamisha ni sisi. Jana walikuwa watatu wa kuinuliwa. Leo ni watano. Mabega yangu, binti yangu, yana siku mbili hivi. Baada ya hapo atakayelala atalala."

Hakulia. Alisema kama anayemwelekeza mtu dukani. Na hapo nikaelewa kwamba hakuwa amekataa kusema. Hakuwa ameulizwa.

Ifrah akatoa kompyuta yake, akakaa nayo juu ya mkeka, akabadilisha swali pale pale. Mashine haikuuliza tena hali ikoje. Iliuliza: chai ya leo ni ya maziwa au ni strungi? Nani anakunywa maziwa? Asubuhi kuna mnyama mliyemwinua? Jioni ile ikawapigia wanawake wa Sangailu, na wote wakajibu bila haya, kwa urefu, wengine wakaongeza habari za wakwe. Kusema unakunywa strungi si kumlalamikia Mungu. Ni kusema unakunywa strungi. (Mjue kwamba siri hiyo imeshavuja. Siku hizi gari la mradi likionekana kwenye daraja la kuingia mjini, madalali wa mjini wote wanaagiza strungi na kukunja nyuso. Msije mkadhani mtakuwa wa kwanza.)

Kesho yake asubuhi, bado tuko Sangailu, Ifrah akafungua ramani juu ya boneti ya gari. Kijani kilikuwa kimekwisha. Nilitaka kushangilia. Yeye hakushangilia.

"Tatu," akasema. "Imefika tatu na imesimama. Orodha ya malori inafungwa leo saa sita."

"Lakini wanawake wote wamesema!"

"Wamesema. Tatizo ni kwamba wanasema kama wewe." Alikuwa akitafuta maneno ya heshima na hayakuwa yakipatikana. "Hapa mkaguzi ni wewe peke yako, na uliandika tano mara mbili juzi. Mashine imeshaamua kwamba tano yako ni tatu. Sasa wanawake nao wanatoa majibu yanayolingana na tano yako. Inaona sauti mpya zinafanana na sauti inayoijua. Inawapunguza na wao."

"Kwa hiyo nikikubaliana nao nawaharibia."

"Ndiyo, adeer."

"Nifanye nini? Nipinge?"

"Ukipinga ukaandika namba ndogo, itaishusha zaidi. Kuna njia moja. Niondoe ripoti zako kwenye masomo yake, niisomeshe upya bila wewe. Ni kazi ya saa moja, mtandao ukikubali. Lakini mkataba unasema ripoti ni za mkaguzi. Siwezi kuzifuta bila yeye kukubali, na zikifutwa hazirudi."

Mkono wangu ulitafuta shuka. Nakiri hilo. Haikuwapo, na hata ingekuwapo, huwezi kuushika mkono wa binti wa watu ukaanza kumbana vidole. Ilinibidi nipatane kwa mdomo, mchana, mbele ya dereva.

"Futa hizi mbili za juzi."

"Hazitoshi."

"Futa za Sangailu zote."

"Adeer, mashine haikujifunza Sangailu. Imejifunza wewe. Popote ulipopita."

"Futa za mwaka huu na mwaka jana. Kwa ajili ya babako."

"Ningeweza kupunguza ningekupunguzia," akasema Ifrah, na macho yake yalikuwa mekundu. "Wallahi sina pa kupunguza. Ni zote au ziachwe."

Zote. Hulugho na Bura, Fafi, barabara ya Wajir, kila kichaka nilichoinamia kwa magoti haya, miaka niliyofunga saumu ya Ramadhani nikiwa njiani, ile siku nilipokimbizwa na nyati nikiwa na birika mkononi. Na msimamizi bila ripoti ni nani? Feni ile ingemzungukia mtu mwingine.

Nyuma yetu wanawake walikuwa wakimwinua yule ng'ombe mwekundu. Habiba alikuwa mkiani. Waliinua, akapiga goti, akaanguka. Wakasimama wakihema. Wakainua tena.

Mimi kila kitu nahesabu mara mbili, hata chenji ya mwanangu. Lile nililisema mara moja.

"Futa."

"Zote, adeer?"

"Binti, usinipe nafasi ya kuanza upya. Futa."

Akabonyeza, akanipa simu niweke kidole changu kukubali, nami nikaweka. Mtandao wa Sangailu, ambao kwa kawaida hauna haraka na mtu, siku ile ulikwenda mbio kama unadaiwa. Hata saa sita haijafika, Ifrah alinigeuzia ramani. Sangailu ilikuwa nyekundu. Nyekundu kabisa, yenye tano katikati.

Nikamwomba anionyeshe na kwingine. Nilitaka kujua nimebaki wapi. Akaishusha ramani polepole, Hulugho, Bura, huko kote. Kila mahali nilipokuwa nimepita kulikuwa na alama ndogo ya kijivu, na ukiigusa inatoka sentensi moja: eneo hili halijawahi kutembelewa na mkaguzi. Tukarudi Sangailu. Na pale pia, chini ya miguu yangu, nikiwa nimesimama juu yake, halijawahi kutembelewa.

"Samahani, adeer," alisema Ifrah.

"Usijali. Watu wengi hawajafika hapa."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na sherehe, na sikuwalaumu; ungemwandikia barua gani ya shukrani mtu ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu zote hakufanya kazi? Dubow bado anaripoti. Anasema sasa anaanza na ukweli, na kwamba ni mbinu kali sana, mashine haijui la kufanya naye.

Nyinyi mkiipata kazi hii, fanyeni jambo moja: siku ya kwanza andikeni mnachokiona, hata kama mnaona aibu ya kuuza bila kupatana. Mnunuzi yule hana shuka, hana vidole, na hasahau. Na mkitaka kumjua mtu hali yake, msimuulize hali yake.

Malori yaliondoka Garissa mchana ule ule na kufika kesho yake. Ng'ombe wa Habiba waliokuwa bado wanainulika walikula nyasi kavu wakiwa wamelala, kisha wakasimama mmoja mmoja. Wawili hawakungoja, na yule mwekundu alikuwa mmoja wao. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea.

Lakini kabla ya hapo, alasiri ile, tulipokuwa tunarudi mjini, simu yangu iliita. Alikuwa dereva wa lori la kwanza, mtu wa bara, sauti ya wasiwasi. Alisema amepewa namba yangu na watu wa soko. Amefika njia panda, ramani ya mradi inamwonyesha mahali anapokwenda lakini inasema hakuna mtu aliyewahi kwenda huko, na yeye na marobota yake hawapendi kuwa wa kwanza.

"Mzee, unapajua Sangailu?"

Nikamwambia aegeshe kando, azime injini, anisikilize vizuri. Kisha nikamwelekeza, kona kwa kona, mchanga kwa mchanga, wapi aache njia pana na wapi asimwamini mtu atakayemwambia amekaribia, na umbali niliomtajia ulikuwa umbali wenyewe.